Majani Tisa ya Zambarau

Syprose Amolo, ambaye Litein nzima humwita Mama Maxine, aliwahi kumng'oa mwanamume jino kwa kamusi. Usiniulize kosa la yule mwanamume. Alikanyaga kitabu, na kwa Syprose hilo lilitosha. Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, vidole vimekomaa kwa kuchuma chai ya kampuni miaka kumi na minne, mpaka mashine za kuchuma zilipoletwa na watu kama yeye wakaambiwa waende nyumbani. Siku hizi hutandaza gunia lake nyuma ya wauza viazi na kupanga juu yake vitabu vya mitumba, kila rundo limekandamizwa jiwe lisipeperushwe na upepo. Huvikodisha, na anavyokodisha ni vya aina moja tu.

"Cha kuchekesha katafute kwa simu," humwambia mteja. "Hapa ni kilio."

Yeye mwenyewe kilio alikijua kwa kuchelewa. Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi walikuwa wakiishi Kipkelion. Nyumba ilichomwa wakiwa ndani. Mumewe, Omollo, alitoka wa kwanza akapigwa mshale wa shingo pale pale mlangoni. Syprose akamruka, Maxine mchanga mgongoni, akampasua kwa mchi kijana aliyemzuia njia, akakimbia. Hakulia siku ile. Hakulia hata walipomzika Omollo. Miezi mitatu baadaye, kambini, ndani ya gunia la nguo za msaada, alikuta kitabu kisicho na jalada kuhusu mama fulani aliyepoteza mtoto sokoni, akalia siku mbili mfululizo hadi majirani wa hema wakamwogopa. Ndipo akajua kuna watu ambao machozi yao hayatoki mpaka wayaone kwanza kwa mtu mwingine. Watu wa namna hiyo, alivyoona yeye, huku kwenye chai ni wengi kuliko ng'ombe.

Sheria yake ni moja. Ukifika mahali machozi yakakutoka, usikunje ukurasa, weka jani la chai hapo. Kwa hiyo vitabu vyake hurudi vimenenepa, na kabla hujakichukua unaweza kuhesabu ni wangapi wamelizwa na wapi. Wanawake huulizana vituoni wakisubiri chai ipimwe, "Wewe ulilia wapi?" Phyllis na Nyanchoka waliwahi kuvutana nywele kwa ajili ya kitabu chenye majani kumi na saba, na Syprose akawatwanga wote wawili ndipo wakaachana.

Janeffer alianza kuja mwaka jana. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, anatoka mlima wa pili ukielekea Sotik, mikono ya sweta imeshushwa hadi vidoleni hata jua likiwa kali. Siku moja alikuja akiwa na pengo mbele, akasema ni ng'ombe.

"Huyo ng'ombe wenu ako na ngumi?" Syprose akamuuliza.

Janeffer alicheka akiziba mdomo, akachukua kile kitabu ambacho wateja wote hukiita Cha Fundi, kwa sababu jalada lilipotea na jina likaenda nalo. Ni hadithi ya mwashi na mke wake mgonjwa. Mwishoni mke hufa, na ukurasa wa mazishi ulikuwa umejaa majani mpaka kitabu hakifungiki.

Siku ya soko iliyofuata, saa sita mchana, Syprose alisikia gunia likipasuka kabla hajamwona mtu. Panga lilipita katikati ya rundo la kwanza na kuingia udongoni. Aliyelishika alikuwa Kipngeno, karani wa kupima chai kwenye kituo, na mume wa Janeffer. Akalichomoa akapiga tena. Kurasa ziliruka hadi kwenye viazi. Watu wakakimbia, vikapu vikapinduka, na mwanamke mmoja akaanza kupiga nduru.

"Wewe ndio unapelekea bibi yangu mwanaume kwa hii kitabu!" alipiga kelele. Akachomoa Cha Fundi kwenye koti akamtupia usoni. "Nimehesabu! Jani tisa, zambarau! Huku kwetu chai ya zambarau iko kwa shamba ya Kipkirui peke yake. Kila jani ni siku ameenda kwake!"

Unaona alivyokosea? Mtu mwingine yeyote angeona takataka ndani ya kitabu. Lakini huyu alishinda akipima majani kutoka asubuhi mpaka jioni, na jani moja tu lilimtosha kujua shamba lilikotoka. Alijua kila kitu kuhusu jani isipokuwa lilichokuwa likisema.

Syprose alikuwa amekwisha kuokota mawe yake mawili. La kwanza lilimpata goti, la pili likampasua juu ya jicho. "Hapo ni mahali amelia, mjinga wewe! Jani ni ya kulia!"

"Kulia?" Kipngeno alipangusa damu akacheka. "Janeffer halii. Hata nikimpiga, halii. Leo nimempiga mpaka mkono wangu ukachoka, hajalia."

Alilisema mbele ya soko zima, kama mtu anayelalamikia ng'ombe asiyetoa maziwa. Syprose akainama kukiokota kitabu. Ukingo wake ulikuwa na damu, na damu ile ilishika kidole.

"Ako wapi?"

 Kipngeno aliinua panga, lakini wabeba viazi walikuwa wamemfikia, na walivyomfanya kabla polisi hawajaja si vya kusimulia. Syprose hakungoja kuona. Aliruka kwenye bodaboda, kitabu kifuani, akimpiga dereva makofi ya mgongo aongeze mwendo.

Alimkuta Janeffer nyuma ya jiko, kwenye majani ya ng'ombe, alikotambaa kujificha. Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjwa kwa panga mahali pawili, mfupa umetokeza nje ya sweta. Kichwani ngozi ilikuwa imefunuka. Macho yalikuwa wazi na makavu kabisa. Alimtazama Syprose, kisha akatazama kitabu.

"Imechafuka," alisema. "Pole, Mama Maxine."

Syprose alitamani kurudi sokoni akammalizie yule mtu kwa meno.

Huko Longisa, kwenye hospitali kubwa, walimtia vyuma viwili mkononi na nyuzi ishirini na mbili kichwani. Hakulia. Siku ya tano walikuja watu watatu: Kipngeno mwenyewe, aliyeachiliwa kwa bondi, ameshonwa juu ya jicho, mjomba wake, Mzee Jonah, akiwa na karatasi ndani ya bahasha, na mama yake Kipngeno, Rebeccah, na kikapu cha chakula. Karatasi ilisema Janeffer hataki kesi, mambo yamalizwe nyumbani. Kilichobaki ni alama ya kidole chake.

"Nitaweka," Janeffer alisema polepole. "Niende wapi kwingine?"

Syprose alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda. Alijua kidole hicho kikigusa karatasi, safari ijayo mwanamke huyu ataletwa hapa amefunikwa uso. Akasimama na kiti mkononi.

"Mama, weka kiti chini," Mzee Jonah akamwambia, bila hasira. "Wewe si mtu wa hii boma. Hii ni maneno ya nyumba."

 Syprose angeweza kumpasua yule mzee, na angetolewa nje na walinzi, na karatasi ingepigwa kidole. Akakiweka kiti. Akafungua mfuko akatoa Cha Fundi.

"Sawa. Mimi ni mtu wa vitabu tu. Bwana Kipngeno amesema haya majani ni ya mwanaume. Nisome mahali yamewekwa, halafu nyinyi muendelee."

Hakuna aliyemkataza. Alikuwa ameyatazama majani yale siku zote tano, na kila alipoyatazama moyo ulimwuma upya. Kwenye ukurasa wa mazishi, ambapo Litein yote imelia, Janeffer hakuweka hata moja.

Akasoma penye jani la kwanza. Fundi anarudi amechoka, anakuta mkewe amesinzia, anakula ugali baridi gizani ili asimwamshe. Hapo hapana msiba wowote. Akasoma penye la pili. Mke anaangusha sufuria, mchuzi unamwagika, fundi anasema, "Ni mchuzi tu. Umeungua?" Akasoma penye la tatu. Fundi anaingia, anavua kofia, anamuuliza mkewe, "Umekula?"

"Mama, hizo ni hadithi," Kipngeno akasema. "Na hiyo zambarau aliitoa wapi?"

"Nilichuma kwa ua ya shamba ya Kipkirui, hapo njiani nikitoka soko," Janeffer akajibu akitazama dari. "Yetu unajua kila jani. Ningechuma moja, ungeuliza iko wapi."

Rebeccah alikuwa amekaa na kikapu chake miguuni. Alikuwa mama wa miaka sabini, kidole chake cha kati kimepindia ndani. Kilivunjwa na marehemu mumewe zamani na hakikupelekwa popote. Alikuwa akikisugua.

"Soma tena hiyo ya mwisho," alisema.

Syprose akasoma. Fundi anaingia, anavua kofia, anauliza.

"Hapo ndio ulilia?" Rebeccah akamuuliza mkaza mwanawe. "Kwa kuulizwa tu kama umekula?"

Janeffer akaitikia kwa kichwa.

Yule mama aliichukua bahasha mapajani mwa Mzee Jonah, akaikunja mara mbili, akaitumbukiza ndani ya blauzi yake mahali ambapo hakuna mwanamume ambaye angethubutu kuifuata. 

"Kipngeno, wewe enda," Rebeccah akasema. "Siku ya kesi nitakuja. Na sitakaa upande yako."

"Mama!"

"Enda, kabla huyu Mjaluo hajachukua kiti tena. Leo nitamsaidia."

Kipngeno alipotoka, Rebeccah alivuta kikapu karibu, akatoa chupa ya chai na kibakuli cha mahindi na maharagwe kilichofungwa kwa kitambaa.  Akamwinamia Janeffer.

"Umekula?"

Janeffer, ambaye hakulia kwa panga wala kwa vyuma, alilia mpaka nesi akaja mbio kuuliza ni wapi panauma.