Ng'ombe wa Marehemu Mama Anakwenda Kurui Jumamosi

Admin, nifiche jina tafadhali, maana mume wangu naye yumo humu, anasoma visa vya wenzake huku anacheka.

Mimi ni mama wa miaka 37, naishi Tangini, Kibaha, nina watoto watatu. Wanaonijua wanajua nina mdomo, simkopeshi mtu jibu. Ila kwa hili nimenyamaza.

Nilipojifungua mtoto wa mwisho, mama yangu mzazi alinipa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, kutoka kwake Maneromango. Akasema, "Mjukuu wangu asinunuliwe maziwa dukani." Tukamwita Tumaini. Mama alifariki mwaka jana. Nikimkamua Tumaini huwa naongea naye, mnicheke tu.

Tumaini alipozaa tena, kiwele kilivimba upande mmoja, kikawa cha moto, maziwa yakatoka na mabonge. Mume wangu akaenda kwa jirani kuazima dawa ya kuingiza kwenye chuchu. Mtaani kwetu dawa ya ng'ombe inaazimwa kama chumvi! Mabonge yalipoisha akaacha, iliyobaki akaiweka dirishani. Nikamuuliza mbona hamalizi. "Ameshapona, ya nini kuharibu dawa?" Ugonjwa ukarudi. Akamwekea ile ya dirishani. Ukarudi tena. Nikisema tumwite bwana mifugo, najibiwa, "Kwani mimi nimeanza kufuga leo?" Haya.

Nilipoona damu kwenye maziwa nilimwita mwenyewe. Akachukua maziwa, yakaenda kupimwa maabara. Siku ya majibu alikalia ndoo, akasema, "Mama, vijidudu vilivyomo humu vimeshakuwa sugu. Dawa zote walizojaribu kule, hakuna inayoviua. Akibaki zizini atawaambukiza wenzake. Subirini dawa iishe mwilini, akachinjwe. Msimuuze kwa mfugaji, nawaomba." Jamani, nililia kama nimefiwa mara ya pili.

Mume wangu alimsindikiza bwana mifugo mpaka barabarani. Aliporudi, akampigia simu mama mdogo wangu, mdogo wake marehemu, anaishi Kurui. Akamwambia tunamuuza Tumaini, na kwa kuwa ni ng'ombe wa dada yake, tumeona tuanze na yeye. Ugonjwa hakuutaja hata kidogo. Mama mdogo akalia kwa furaha.

Nilipomkalia kooni akasema, "Machinjioni tutapata nini? Na ukifungua huo mdomo wako, ujue umenivua nguo ukweni. Hapa hutakaa." Aliyenioa huyo.

Lakini niseme ukweli wote. Mungu anisamehe, moyo wangu ulitulia kidogo. Nilijiambia, angalau Tumaini atakuwa hai, nitakuwa nakwenda kumwona.

Jana mama mdogo kanipigia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Nimeipata ile kanga ya marehemu, nimeikata kitambaa cha kumfutia kiwele. Kila nikimkamua nitakuwa namkumbuka dada."

Ukamuaji wa kwetu naujua, bibi alitufundisha sote: kitambaa kimoja, maji ya ndoo moja, unamfuta huyu unahamia kwa yule. Na bwana mifugo alishanieleza kuwa ugonjwa huu unatembea kwa mikono na vitambaa. Mama mdogo ana ng'ombe wawili, na maziwa yao ndiyo yanayowalisha wajukuu aliowabeba baada ya mwanawe kufariki. Kanga ya mama yangu ndiyo itakayowapelekea ugonjwa.

Gari linakuja Jumamosi. Nikisema, Tumaini anakwenda kisuni na mimi narudishwa kwetu, ambako mama wa kunipokea hayupo tena. Nikinyamaza, namuua mdogo wake mama kwa mkono wa mama mwenyewe.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Kabla ya kukata simu mama mdogo aliniuliza, "Lakini ni mzima, mwanangu?" Nikasingizia mtandao. Leo kapiga tena asubuhi, sijapokea.