Ayuma na Kilele cha Ngong

Ayuma wa Baba Dogo aliunga redio miaka ishirini na mmoja katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, na miaka hiyo yote hakuruhusiwa kuwasha hata moja. Wanawake walikaa kwenye benchi wakiyeyusha risasi, ile madini laini ya kuungia, na kushikisha nyaya. Redio ikikamilika ilipelekwa chumba cha pili, wanaume wakaiwasha, wakaisikiliza, wakaipiga muhuri. Msimamizi alisema masikio ya mwanamke hayajui mlio mzuri. Ayuma alinyamaza kwa sababu alikuwa na watoto wa kulisha, lakini siku aliyoambiwa hivyo anaikumbuka mpaka leo. Ilikuwa Jumanne, na msimamizi alikuwa amevaa soksi mbili zisizofanana.

Sasa ana miaka sitini na minane. Mwaka juzi alijiunga na chama cha redio ya ridhaa, watu wanaozungumza wao kwa wao hewani kwa mapenzi tu. Akafanya mtihani na vijana wa chuo, akaanguka, akaurudia, akapita. Akapewa leseni na alama yake ya wito, ile ambayo mtu hujitambulisha nayo hewani. Redio akaiunga mwenyewe mezani kwake. Kikwazo kikawa mwenye ploti anayopanga, aliyemkataza kufunga antena juu ya paa, eti italeta radi.

"Basi nitaifunga mahali ambapo si pako," Ayuma akamwambia.

Chama kilipopanga kwenda vilima vya Ngong Jumamosi moja, jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha.

Mwenyekiti, fundi wa jenereta aitwaye Gachanja, alimgawia kazi kabla hawajaondoka. "Mama Kate, wewe utabeba jiko na majani chai. Huko juu kuna baridi."

"Jiko nitabeba," akasema Ayuma. "Na redio pia."

Desturi ya chama ni hii: ukiwa kileleni ukajibiwa na watu wanne, kilele huandikwa kwa jina lako katika kitabu cha chama. Watatu si kitu. Hakuna mwanamke aliyewahi kuandikwa, na Ayuma alikuwa ameapa hatashuka bila wanne wake.

Wakafika juu kabla ya saa nne, upepo ukivuma kama umetumwa. Ayuma akasimamisha mwanzi, akafunga waya wa antena, akaunganisha betri ya pikipiki.

"Redio ya wati tano?" Gachanja akacheka. "Mama Kate, taa ya choo changu inakula zaidi ya hizo."

"Na taa yako imewahi kujibiwa na nani?"

Aliita nusu saa nzima bila jibu. Ndipo akasikia sauti nyembamba, Wabwire wa Busia. Ayuma akamwuliza wameamkaje huko, na kama mvua imeshika.

"Hapa tunaambiana tu sauti inasikika kwa nguvu gani, tunaachana," Gachanja akamnong'oneza. "Hii si harusi."

"Mimi siingii kwa mtu bila hodi."

Baada ya Wabwire akaja Owiti wa Kisumu, halafu Yurub wa Garissa, mwanamke, ambaye alisema hajawahi kujibiwa na mwanamke mwenzake hewani. Watatu. Ayuma akawaandika kwa mkono wake wa shule ya msingi, herufi kubwa kubwa.

Mara upepo ukauangusha mwanzi, na waya ukang'oka kwenye plagi. Mawingu yalikuwa yamekwisha kufunika Kiserian.

"Tumalize," Gachanja akasema. "Shika maikrofoni ya redio yangu, uite huyo wa nne kwa alama yangu. Mimi wananijua, watajibu upesi. Kitabuni nitakuandikia wewe."

"Atakuwa amekujibu wewe."

"Nani atauliza?"

"Alama yangu nimeifanyia mtihani mara mbili, mwenyekiti. Yako sikuifanyia hata mara moja."

Akaondoa sufuria ya chai juu ya jiko, akasukuma chuma chake cha kuungia katikati ya makaa. Nyumbani kwake, stima ikipotea, ndivyo alivyofanya siku zote.

"Na chai?" mmoja wa wanaume akauliza.

"Hoteli ziko Ngong mjini."

Chuma kikapata moto. Akajifunika leso pamoja na plagi, mvua ikimdondokea mgongoni, akayeyusha risasi, akapuliza, akavuta waya. Ukashika. Akausimamisha mwanzi tena, akaita. Akaita tena. Wanaume wakaanza kukunja vitu vyao.

Sauti ya mzee ikaja, Nabiswa wa Kitale. "Mama, nakusikia kwa mbali. Hebu mpe maikrofoni mwenye redio."

Gachanja akakohoa kuficha kicheko.

"Mwenye redio ndiye anayeongea nawe," akasema Ayuma. "Nimeiunga mimi, na leseni ni yangu. Andika alama yangu ninapokutajia, halafu unipe yako."

Kisha mzee akarudi. "Nimeandika, mama. Uniwie radhi. Sauti yako ni safi."

Ayuma akaandika jina la nne na saa yake, kalamu ikitoboa karatasi iliyolowa.

"Haya, kilele ni chako," Gachanja akasema, mfuko ukiwa begani. "Sasa tushuke, mvua hii itatuua."

"Shukeni," akasema Ayuma. "Betri yangu bado ina moto."

Akabonyeza maikrofoni, akamwita wa tano.