Vitunguu vya Kumrudisha Bibi

Mama yangu alipofariki huko Tanga, pasipoti yangu ilikuwa bado kwa watu wa uhamiaji, kwa hiyo tukaweka msiba hapahapa, sebuleni kwetu Winson Green, huku Uingereza. Wanawake walikuja na khanga na masufuria, wakalia kwa sauti mpaka jirani Mwingereza akabisha hodi kuuliza kama kuna usalama. Mimi sikulia. Nilichemsha chai, nikaazima viti, nikakwangua kadi za simu. Mama mmoja Mkongomani ninayesali naye alinishika mkono.

"Lia kidogo, maman. Machozi ikibakia ndani inaleta magonjwa."

Nikamjibu kwamba kuna vyombo vya kuosha. Ndivyo nilivyo, nikiumia, nafanya usafi.

Wiki chache baadaye binti yangu, aliyekuwa na miaka saba, alianza kuniletea vitunguu. Narudi kazini, hata koti sijavua, ananiwekea kimoja mkononi. Nilidhani amekuwa mchapakazi ghafla, tukala rosti karibu juma zima. Lakini kila nilipokata alinikodolea macho. Nami vitunguu vilishaacha kunitoa machozi zamani, maana nilikata vingi mno katika jiko la hospitali kule Edgbaston. Nikimaliza, ananuna.

Mwishowe nikamuuliza ana nini. Akaeleza kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Mwalimu alikuwa anawasomea hadithi za miungu ya Waskandinavia wa kale. Mungu aliyependwa kuliko wote aliuawa kwa kitawi tu, na huko kuzimu wakakubali kumwachilia iwapo kila kitu duniani kitamlilia. Watu wakalia, wanyama wakalia, hata mawe. Jitu moja la kike, limekaa zake pangoni, likakataa. Basi hakurudi.

"Kila mtu alimlilia Bibi," akasema. "Isipokuwa wewe."

Bibi yake alikuwa amemwahidi kwenye simu kwamba siku moja atakuja kubisha mlango wetu. Mtoto alikuwa anamsubiri, na aliyemzuia ni mimi. Iliniuma, na hasira zilinipanda pia, nikakaribia kumfokea. Badala yake nikamwambia amwombe mwalimu kile kitabu.

Kesho yake tulikaa mezani, yeye anasoma, mimi nafuata kwa kidole. Mwalimu alikuwa hajafika mwisho. Huko mwisho dunia yote inaungua na kuzama, halafu inaibuka tena kutoka baharini ikiwa imeota majani mabichi, na yule mungu anarudi, anatembea juu ya majani hayo. Hakuna anayeuliza nani alilia na nani hakulia. Nikamwambia arudie hapo. Nikalitafuta lile jitu ukurasa mzima, sikuona hata mtu mmoja anayelisimanga.

Ndipo nikalia, kamasi na vyote. Nilimlilia mama yangu, na kaburi ambalo sijaliona.

Binti yangu alinitazama kwa makini, akihakikisha kwamba ni machozi ya kweli. Kisha akashuka kitini, akaenda kufungua mlango wa mbele, akaangalia barabara upande huu na upande ule. Baridi ikaingia mpaka jikoni. Alisimama pale kwa muda, akafunga, akarudi kuniegemea, na yeye ambaye siku zote hunijibu kwa Kiingereza akaniambia kwa Kiswahili:

"Bado, Mama."