Asubuhi Nilimsikia Nani?

Kliniki nzima walimwita Mama Kimya, na jina lenyewe alilitafuta kwa mikono yake. Kabla hajainamia tumbo la mjamzito alizima feni, akafunga dirisha la upande wa barabara, kisha akamtazama kila aliyekuwa chumbani, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho anyamaze. Ukikohoa, nje. Kuna mume wa mtu alitolewa nje kwa sababu viatu vyake vilikuwa vinalia, na hakuwa hata anatembea, alikuwa anahamisha uzito tu kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Baada ya hapo Mama Kimya alishika kifundo cha mkono cha mama kwa vidole vitatu, asije akauchanganya moyo wa mama na wa mtoto. Akaisimamisha koni yake ya mbao juu ya tumbo, akabandika sikio, akafumba macho.

Koni hiyo ilikuwa na urefu wa kiganja, mdomo mpana upande mmoja na kisahani upande mwingine, imelainika kwa kuguswa na sikio lile lile miaka ishirini na sita. Mashine ya kupiga picha ya tumbo ilikuwa hospitali kubwa, safari ya nusu siku. Pale kituoni palikuwa na koni, na palikuwa na Mama Kimya. Wakunga wenzake walipokosa kusikia kitu walimwita yeye, naye aliinama, akatulia kidogo, akasema, "Yupo. Amejificha huku nyuma, mkaidi kama baba yake." Wala baba mtu alikuwa hamjui.

Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu akampa kelele.

Siku kelele hiyo ilipoanza alidhani ni jokofu. Alikuwa anakunywa chai, mumewe anapaka viatu rangi pale mlangoni. Huyo mume alikuwa dereva wa malori mstaafu, mtu wa utani tangu ujana.

"Zima hilo jokofu," alimwambia. "Linanguruma mpaka mbavuni."

"Bibie, umeme umekatika tangu saa kumi na mbili."

Akatega sikio. Kweli jokofu lilikuwa kimya. Kilichokuwa kinanguruma ni yeye. Chini ya mbavu kulikuwa na mtetemo wa haraka haraka, kama wa mtu aliyekaa kwenye lori lililosimama na injini inawaka. Na masikioni kulikuwa na mlio mwembamba, wa mbu aliyeamua kuruka bila kutua. Alinyoosha mikono mbele yake akaitazama. Ilikuwa imetulia tuli, hata kidole hakikucheza.

Mumewe alimlaza kitandani akamwekea glasi ya maji juu ya tumbo. Ndivyo alivyokuwa akipima injini za malori enzi zake, glasi juu ya boneti. Wote wawili wakayakodolea macho yale maji. Hayakutikisika. Akamwinua, akaweka na kiganja mgongoni mwake, akangoja.

"Sihisi kitu," alisema. "Injini yako nzima. Labda umemeza redio." Akacheka, naye Mama Kimya akacheka, maana ndoa ya miaka thelathini ina adabu zake. Lakini kicheko hakikufika tumboni, kule kulikokuwa na ile ngurumo.

Alipima kila kinachopimika. Damu, sukari, presha, tezi ya shingo. Moyo ukafungwa nyaya, masikio yakamulikwa kwa taa, kichwa kikapigwa picha. Daktari wa mwisho alikuwa kijana mwenye miwani mizito, akapanga karatasi zote mezani kama mtu anayetafuta kipande kilichopotea.

"Mama, vipimo vyako ni vya msichana."

"Msichana gani huyo anayenguruma?"

Daktari hakucheka. "Naamini unachokihisi," alisema. "Ila ni nini, sijui. Sitakudanganya."

Alimheshimu kwa hilo. Maishani alikuwa ameambiwa sijui mara nyingi, lakini si kwa adabu ile. Akarudi nyumbani na sijui yake, akaanza kuishi nayo. Kuna siku mlio ulikuwepo peke yake. Kuna siku mtetemo ulikuja mchana ukaondoka na giza. Kuna siku vyote viwili vilimkalia kutwa, na siku hizo alitembea taratibu kama mtu aliyebeba beseni limejaa.

Kazini hakumwambia mtu. Msimamizi wa kituo alikuwa mkunga mdogo kwa umri, Mama Kimya ndiye aliyemfundisha kushika koni, na angejua tu ni lazima angemtoa kwenye chumba cha kupimia. Angempeleka wapi? Kugawa kadi dirishani? Kusikiliza ndiyo kazi pekee aliyowahi kuipenda, na kila moyo mpya uliopiga kule ndani ulikuwa bado unamshangaza kama wa kwanza. Basi akajiwekea nadhiri: siku nikimkosea mama mmoja, koni naiweka chini mwenyewe, sisubiri kuambiwa. Halafu huyo huyo ndiye aliyekuwa akiwaambia wajawazito wenye aibu ya kupanda kitandani, "Mficha uchi hazai, binti, hebu panda." Ya mwenzio ni rahisi kuyasema.

Akabuni njia. Kabla ya kuweka koni tumboni aliiweka kwanza kwenye ubao wa meza, akasikiliza. Meza haina moyo, kwa hiyo chochote alichokisikia pale kilikuwa chake. Akishajijua, alihamia kwa mama, akasikiliza, akajitoa mwenyewe, na kilichobaki kikawa mtoto. Miezi minane aliifanya hesabu hiyo bila kukosea, na moyoni alianza kujisifu.

Mwezi wa tisa akaja fundi cherehani. Alikuwa mwanamke mnene wa vicheko, futi ya kupimia shingoni hata kliniki, tumbo lake limefika mlangoni kabla yake. Alishaambiwa mara mbili aende hospitali kubwa akapigwe picha, na mara mbili alijibu kwamba atakwenda akimaliza sare za wanafunzi, shule zinafunguliwa.

Mama Kimya akazima feni, akafunga dirisha. Koni mezani, koni tumboni. Chini kushoto akaukuta moyo, imara, unakwenda mbio unavyotakiwa. Akahamia juu kulia, kwa desturi tu. Kule kulikuwa na kitu hafifu, cha haraka haraka, cha mbali. Ni wewe, alijiambia. Akajitoa. Akaandika kwenye kadi: mtoto mmoja, moyo mzuri.

"Lakini Mama," fundi alisema akijivuta kukaa, "mtoto gani huyu anapiga mateke huku na kule kwa wakati mmoja?"

"Watoto wa siku hizi wana miguu mirefu."

Fundi akacheka, akachukua kadi yake, akarudi kwenye sare zake. Mama Kimya naye akafungua dirisha akaita anayefuata.

Jioni, jua bado liko juu, alikuwa jikoni anamenya viazi, mumewe anasoma gazeti kwa sauti kama kawaida yake. Mtetemo ukaingia. Ulianza chini ya mbavu, ukapanda mpaka mabegani, ule ule, mgeni wake wa kila siku. Akaupokea bila kuacha kumenya. Ndiyo kwanza unafika, aliuambia moyoni. Leo umechelewa.

Kisu kikasimama.

Ndiyo kwanza unafika. Basi asubuhi ulikuwa wapi? Akairudia asubuhi yote kichwani. Aliiweka koni mezani, akasikiliza, na mezani palikuwa na mlio tu. Mtetemo haukuwepo. Na hata ungekuwepo, mtetemo wake haukuwa na upande. Ulimfuata kokote alikoweka koni, mezani, kushoto, kulia. Kile kitu cha asubuhi kilikaa kulia tu.

Kama wewe ndiyo kwanza unafika, asubuhi nilimsikia nani?

Kiazi kilimtoka mkononi kikabiringika mpaka miguuni kwa mumewe. Mzee akashusha gazeti. Akamwona mkewe amesimama, machozi yanamchuruzika, na uso wake haukuwa wa huzuni tu. Alikuwa na hofu, na ndani ya hofu kulikuwa na kitu kingine, mshangao wa mtu aliyebisha mlango wa nyumba tupu akaitikiwa.

"Kuna mtu nimemfuta," alisema. "Nilidhani ni mimi, nikamfuta."

Saa moja asubuhi alikuwa ofisini kwa msimamizi, hajavaa hata sare. Akasema yote akiwa amesimama: jokofu, glasi ya maji, daktari wa miwani, koni mezani, fundi. Alipomaliza akaitoa koni mkobani akaiweka juu ya meza, upande wa msimamizi.

"Nilijiahidi," alisema. "Nimekosea. Hii hapa."

Msimamizi aliitazama koni. "Mwaka mzima, Mama? Mwaka mzima umelibeba peke yako, nami niko mlango wa pili?"

"Ungenitoa, mwanangu."

"Pengine ningekutoa." Hakumficha. "Kwanza fundi aletwe. Mengine baadaye."

Fundi alikuja amenuna, pini kumi zimechomekwa kifuani mwa gauni lake, analalamikia sare sabini zilizobaki. Mama Kimya alimshika mkono akamweleza mwenyewe, bila kuzunguka. "Jana nilikukosea. Nina kelele mwilini mwangu ambazo hakuna anayezijua. Nilisikia kitu tumboni mwako, nikakihesabu kuwa changu. Naomba nisikilize tena, na safari hii sisikilizi peke yangu."

Fundi akaacha kununa. Akapanda kitandani.

Iko njia ya zamani ya kuhakikisha, na haiwezekani kwa mtu mmoja. Wakunga wawili husikiliza tumbo moja kwa wakati mmoja, kila mtu na koni yake, upande wake, na kila mmoja anagonga kwa kidole kile anachokisikia. Mapigo ya vidole yakilingana, ni moyo mmoja unaosikika huku na huku. Yasipolingana, ni wawili. Mama Kimya aliwafundisha wengi njia hiyo, na mwaka ule mwenyewe hakuifanya, maana ingembidi amkaribishe mtu wa pili kwenye kelele zake.

Feni ikazimwa. Msimamizi akapiga magoti kushoto, yeye kulia. Katikati yao, kitandani, palikuwa na trei ya bati ya kuwekea vifaa. Siku hiyo mtetemo ulikuwepo, tena kwa nguvu, na mlio nao. Alibandika sikio akaingia gizani, akapita mbu wake, akapita ngurumo yake, safari hii hamtoi mtu, anapita tu na kusalimu. Na kule mwisho kabisa, hafifu, akamkuta.

Msimamizi akaanza kugonga bati. Tak, tak, tak, tak. Mama Kimya naye akaanza kugonga. Kwa muda mfupi vidole vilikwenda pamoja, na moyo wake ukamshuka. Kisha kimoja kikatangulia. Kikatangulia zaidi. Vikaachana kabisa, bati likawa linalia kwa hesabu mbili, kila mmoja na haraka yake, na fundi akainua kichwa kutoka kwenye mto akaitazama ile mikono miwili isiyosikilizana.

"Mbona hamfanani?" aliuliza.

Msimamizi alikuwa analia huku anagonga. Mama Kimya hakulia. Alikuwa amejaa hofu ile ya kuwa karibu na jambo kubwa kuliko chumba. Chumba kile kidogo, chenye rangi inayobanduka, kilikuwa na mioyo mitano, na mmojawapo jana yake ulikuwa umefutwa kwa kalamu yake.

"Wawili," alisema hatimaye. "Samahani, mwanangu. Ni wawili."

Fundi alipelekwa hospitali kubwa siku hiyo hiyo, na sare sabini akagawiwa shoga yake. Ikaonekana yule wa juu kulia amekaa mkao wa hatari, asingetoka salama mikononi mwa watu waliojiandaa kwa mmoja. Wakajiandaa kwa wawili. Wiki tatu baadaye walitoka wote, wasichana, yule aliyefutwa akiwa ndiye mpiga kelele kuliko mwenzake.

Na koni? Msimamizi aliishika siku mbili. Siku ya tatu akaileta chumba cha kupimia, akaiweka mkononi mwa Mama Kimya. "Husikilizi tena peke yako," alisema. "Hata mimi sisikilizi peke yangu. Kuanzia leo, hapa tunasikiliza wawili." Maneno hayo yakaandikwa ukutani, chini ya saa.

Jioni hiyo alimsimulia mumewe. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila utani hata mmoja, jambo ambalo lilimtia wasiwasi kidogo. Kisha akavuta kiti, akakaa nyuma yake, akaweka kiganja mgongoni mwake, pale pale alipowahi kukiweka mwaka uliopita. Akangoja kwa muda mrefu. Ndani, chini ya kile kiganja, ngurumo ilikuwa inakwenda kwa kasi yake ile ile, na mlio haukuwa umepungua hata chembe.

"Sihisi kitu," alisema.

Mama Kimya akainamisha kichwa.

"Lakini mume wa yule fundi naye bila shaka aliweka mkono kila siku," mzee akaendelea, "akamhisi mmoja. Na walikuwa wawili." Hakuondoa mkono. "Hebu niambie ikoje. Leo inapiga vipi?"

Mama Kimya akapeleka mkono nyuma, akaanza kumgongea gotini kwa kidole, haraka haraka, jinsi inavyopiga, na mzee akaanza kuifuatisha kwa kidole chake mgongoni mwa mkewe.