Kimo cha Baba

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko siku zote nilizovishwa medali. Siku hiyo sikushinda kitu. Nilimtolea mama yangu neno baya mbele ya majirani, na neno hilo likinijia mpaka leo nikiwa mezani, chakula hakishuki.

Ninyi mnanijua kama mzee wa kutembea upandeupande, anayelalamika kila wingu likitanda. Siwalaumu. Lakini waulize waliokuwepo Dzaleka, kambi ya wakimbizi nje ya Lilongwe, katikati ya miaka ya tisini, kambi ilipokuwa changa na wenyeji bado wakiiita jela, maana jela ndiyo iliyotutangulia pale. Watakwambia nilikuwa naruka juu mpaka watu wanasahau sufuria motoni. Nilishika ubingwa wa shule miaka kadhaa, hadi kiungo kikakataa. Wahenga walisema ukitaka kuruka, agana na nyonga. Mimi sikuagana nayo, yenyewe ndiyo iliyoniaga.

Tulifika kambini wawili tu, mama na mimi, kutoka Burundi kwa njia ya Kongo, tulikookota Kiswahili chetu, na Tanzania. Baba alichukuliwa zamani, katika machafuko ya kabla ya yale yaliyotufukuza, nikiwa bado mtoto wa kushika kanga ya mama. Hakurudi, na kaburi hana. Hatukuwa na picha yake wala shati lake. Mimi nilichokumbuka ni magoti yake na sauti inayotoka juu, na kwa mtoto mdogo kila baba ni mrefu.

Sasa sikiliza desturi ya ukoo wetu. Kijana hahesabiwi mtu mzima mpaka aruke kimo cha baba yake. Miti miwili inasimamishwa, ufito wa tete unawekwa juu yake, baba anasimama kando ili kimo kionekane, na kijana anaruka akitokea juu ya kichuguu kidogo. Akishapita, baba anamshika mkono, na tangu hapo anaweza kwenda atakako. Mimi baba wa kusimama kando sikuwa naye. Mama ndiye aliyekuja kwenye mti, akanyanyua kiganja, akasema, "Hapa. Baba yako alikuwa anafika hapa."

Na haraka nilikuwa nayo. Shule moja ya Lilongwe ilikuwa inatafuta vijana wa michezo, na mshindi wa mashindano ya mtaa wa Nsungwi angesomeshwa na kulala huko huko. Wewe unayeamka na kukuta daftari mezani huwezi kujua maana ya neno hilo kwa kijana wa kambini. Mama alisema tu, "Hujamuruka baba yako. Mutoto haendi kulala mbali."

Basi nikajaza magunia maganda ya mahindi ya kuangukia, nikaruka asubuhi na jioni, mgongo ukawa na michubuko kila mahali. Siku nilipopita juu ya ufito, nilimkimbilia mama akitoka kwenye ganyu, vibarua vyetu vya mashambani, jembe bado begani. Akaja, akautazama ufito, akatikisa kichwa. "Hapana. Alikuwa mrefu kupita hapo." Akanyanyua kiganja zaidi.

Nikaruka pale pia. Mama akapandisha tena. Mara ya mwisho kiganja chake hakikufika alikotaka, akavuta tofali, akalipanda, akanyoosha mkono mpaka visigino vikainuka. Majirani walikuwa wamekusanyika, wengine wakicheka chini kwa chini, na hasira ikanipanda.

"Mama," nikasema kwa sauti kubwa, "baba alikuwa mutu ao mnara?"

Watu wakaangua kicheko. Mama alishuka kwenye tofali taratibu, akaingia ndani, na jioni ile hakula.

Kando yetu aliishi Mzee Karoli, Mnyarwanda aliyepita Kongo, ambaye ujanani aliruka kwenye sherehe kubwa za kwao. Yeye ndiye aliyenifundisha kuinua goti, na kwa kawaida hakuniita ila kwa utani. Siku ile hakutania.

"We mutoto, kuya hapa. Ikaa." Nikakaa. "Kwetu mutu hapite juu ya miguu ya mutu amelala, ju ni matusi. Sasa we unataka kumuruka baba yako muzima-muzima, na unaomba mama yako apige mikono?"

"Lakini njo desturi, Mzee."

"Desturi, baba iko pale anakuangalia. Wa kwako iko wapi? Iko na kaburi?"

"Hapana."

"Ule mukono ya mama yako njo kaburi. Hana ingine. Na siku utamuruka, we utaenda Lilongwe, yee atabakia na nani? Unaona tu ufito. Angalia mutu mwenye kuushika."

Mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi miguu niliihitaji. Lakini si hilo lililonitoa pale. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayokufanya usijue uweke wapi mikono. Nilikwenda kwa mama, nikapiga magoti, nikamwambia, "Mama, unisamehe. Siendi tena Lilongwe. Nitakaa na wewe." Aliendelea kuchambua maharage, na mimi nikayachambua pamoja naye.

Jumamosi, siku ya mashindano, aliniamsha mapema. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na amefunga nsima iliyopoa, ugali wa kule, kwenye kitambaa. "Simama," akasema, "lori itatuacha." Hakusema kama amenibariki, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Lori lilitushusha Old Town, upande wa zamani wa Lilongwe. Katika duka moja walikuwa wameweka televisheni inayocheza kaseti, nasi tukasimama dirishani kungoja gari la Nsungwi. Walionekana wazungu wamefunga mbao ndefu miguuni, wanateleza kwenye mlima wa theluji na kuruka hewani, mbali mno, mikono imebana mapajani. Nilitazama mdomo wazi. Mama naye alitazama, kisha akawaulizia mama zao, "Na bamama yabo iko wapi?"

Uwanjani niliwapita wote isipokuwa kijana mmoja mrefu wa pale pale Nsungwi. Ufito ukapandishwa, yeye akaangusha mara zake zote tatu. Nikabaki mimi tu: nikipita, shule ni yangu, nikiangusha, wangeangalia makosa ya awali, na yangu yalikuwa mengi kuliko yake. Nikaangusha mara ya kwanza. Nikaangusha mara ya pili. Kila nilipokimbilia ufito ule nilimwona mama juu ya tofali, na mwili ulikuwa mzito.

Ndipo nikamwona anatoka katikati ya watu, anakatiza uwanja. Msimamizi akapiga kelele kwa Kichewa atoke, "Amayi, tulukani!" Mama akamshukuru tu, "Zikomo, zikomo," na akaendelea kuja. Alisimama mbele yangu, akanyanyua kiganja. Kisha akakiteremsha, kikapita kichwa changu, kikapita jicho, akakiweka chini ya sikio langu.

"Baba yako alikuwa anafika hapa," akasema. "Alikuwa mufupi. Batu walikuwa wanatucheka kanisani, bafupi babili."

Nikaushika mkono wake pale pale.

"Kila mara namuota, anarefuka," akasema. "Ulishamuruka zamani, mwanangu. Enda."

Niliruka nikilia, na ufito haukutikisika. Shule nikaipata, na ubingwa ukafuata mwaka baada ya mwaka, na kila likizo nilirudi kambini kwa mama. Sasa naye ametangulia. Juzi binti yangu aliniuliza bibi yake alikuwa na kimo gani. Nikanyanyua mkono kumwonyesha, na mkono, mwanangu, ulipita kichwa changu. Mama alikuwa ananifika kifuani.

Basi nasaha yangu ni hii. Tamani kwenda juu, hakuna ubaya. Lakini kabla ya kuruka, mtazame aliyekushikia ufito, maana huenda ameushikilia kwa maumivu usiyoyajua. Mtu aliyefiwa usimdai vipimo sahihi. Mwache mpenzi wake awe mrefu kadiri anavyotaka; siku yake ikifika atamteremsha mwenyewe. Na ukishaipata ruhusa ya mzazi, nenda usiogope, ila rudi.

Mungu akupe mwili mwepesi wa kuruka na mahali laini pa kuangukia. Na siku watoto wako watakapoulizwa wewe ulikuwa na kimo gani, mikono yao ikose pa kufikia.