Siku Papa Alipokuja Kwenye Basket

Mimi si mtu wa kukaa kimya kwenye basket. Wanaokuja kwenye tereni yetu, uwanja wa kando ya ziwa, walinijua kwa sauti kabla ya kunijua kwa sura. Nina mfuniko wa sufuria uliopinda kwa kupigwa kijiko, na kuna waamuzi ambao tukikutana sokoni wanajifanya wanachagua nyanya ili wasinisalimie. Mume wangu husema kwamba kama ningekuwa naimba kanisani kwa nguvu hiyo, ningekuwa nimeshapewa kwaya nzima niiongoze.

Siku ninayotaka kuisimulia, mfuniko niliuacha nyumbani. Papa, baba yangu, alikuwa ameketi karibu yangu, na mbele ya Papa sipigi kelele. Sijawahi, na umri huu nilionao siwezi kuanza.

Papa anaishi Rurambo na ng'ombe zake, zile zilizobaki. Ni mzee wa kanisa. Aliteremka Uvira kwa mkutano wa wazee wenzake, mkutano ukaisha, na kabla hajapanda kurudi mlimani ikawa imebaki siku moja ya kupumzika kwangu, Kavimvira. Siku hiyo hiyo mdogo wangu alikuwa na mechi.

Huyu mdogo wangu ni kitindamimba wetu. Alikuwa akiishi kwangu tangu aanze masomo ya chuo, na sasa alikuwa mwaka wa mwisho. Chuo chake kilikuwa kinacheza na chuo kimoja cha Bukavu katika mashindano ya wasichana wa vyuo vya jimbo letu, na atakayeshindwa anarudi nyumbani. Baada ya hapo alikuwa anapanda Rurambo kufundisha. Kule hakuna basket. Hata kama ungesimamisha goli, mpira ukikuponyoka ungeenda kuuokota chini huku, bondeni Ruzizi.

Asubuhi ile tulikuwa tunapepeta mchele. Akaniambia mimi dada yake, bila kuinua uso:

"Yaya, nataka Papa anione nikicheza. Mara moja tu. Hata kama atachukia, achukie kitu alichokiona."

Papa alikuwa akijua kwamba binti yake anacheza. Lakini alijua kama unavyojua kwamba mtoto wa jirani anakunywa pombe: hakuuliza, wala hakuna aliyemwambia. Nilimwomba twende. Akafuta kofia yake kwa kiganja, akasema, "Twende tuone huo muchezo."

Papa akiwa mjini anasema Kiswahili hata na sisi watoto wake, ili watu walio karibu wasidhani anawateta.

Nilimbebea kiti cha plastiki kutoka nyumbani. Ngazi za chini za tereni zilichukuliwa na maji ziwa lilipopanda, kwa hiyo watu hukaa wanapoweza, juu ya ukuta, juu ya matofali, wengine juu ya pikipiki zao. Nilimweka pembeni, mahali pa kivuli, mkabala na benchi la timu yetu, ili akiinua macho tu amwone mtoto wake.

Na alimwona. Mdogo wangu aliketi kwenye benchi, karibu kabisa na kocha, amevaa treningi ndefu ya bluu iliyofungwa zipu mpaka shingoni. Filimbi ikalia. Wasichana watano wakaingia uwanjani. Yeye akabaki ameketi.

Nilijua inaweza kuwa hivyo. Mdogo wangu ni mfupi, na wale wa Bukavu walikuwa wamerefuka kama mahindi ya mvua nzuri. Kwenye mechi kubwa kocha huyu huwa anaogopa. Lakini nilikuwa nimejidanganya kwamba kwa kuwa huenda ni mechi yake ya mwisho, labda atamhurumia.

Papa aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akaniinamia.

"Ule wetu iko anakaa na nani?"

"Na kocha, Papa."

"Ndiye mukubwa wao?"

"Ndiye."

"Na hawa wengine wote iko wanakimbia."

"Ndiyo, Papa."

Akatikisa kichwa polepole, na nikaona kifua chake kinajaa. Hapo ndipo nilipoelewa, na nikatamani ardhi inifunike. Kanisani kwetu mlimani, anayeketi mbele, ubavuni mwa mchungaji, ndiye mtu. Wanaokimbia huku na huku ni vijana waliotumwa kuleta viti na maji. Papa hakuwahi kuona basket. Aliutazama uwanja kwa macho aliyokuja nayo.

Akamgeukia mwanaume mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta, mtu tusiyemjua kabisa, akamwambia, "Ule mwenye kukaa karibu ya mukubwa, ule ni mutoto wangu."

Mwanaume yule aliangalia benchi. Akaniangalia mimi. Mungu ambariki popote alipo, maana alisema, "Hongera, Muzee."

Ningesema nini? Papa, anayeketi ndiye aliyeachwa? Upande wa pili, mdogo wangu aliinua macho akamwona Papa anatabasamu, tabasamu la meno yote, ambalo sisi watoto tunalipata kwenye harusi tu. Akainamisha kichwa. Nilijua anachofikiri. Anafikiri Papa anamcheka, au anafurahi kwamba hamna cha kuona. Mmoja anajivuna, mwingine anaona haya, na mimi niko katikati.

Mechi yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Upepo wa ziwa ulikuwa unavuta mipira yote ya mbali kwenda kulia. Mara mpira ulitoka ukaanguka majini, mchezo ukasimama mpaka ulipotolewa na kufutwa kwa kitenge cha mama mmoja. Wetu waliongoza, wakapitwa, wakarudi. Msichana wetu wa nyuma alikuwa amemwacha adui wake peke yake chini ya goli, mara tatu, nne, na mimi ninayemwona nimeng'ata ncha ya kitenge changu nisije nikapasuka. Watu waliniangalia kwa kunishangaa. Mmoja aliuliza kama ninaumwa.

Wakati wa mapumziko nilimwambia Papa ninaenda kumpa mtoto maji. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya benchi, macho mekundu.

"Papa anacheka minye?" akauliza, akijigusa kifua.

"Hapana. Anafurahi."

"Anafurahi nini, na minye iko nakaa tu?"

Ningemweleza vipi? Kwamba Papa anadhani ameketishwa kwenye kiti cha heshima? Ingemuua. Badala ya kumjibu, nilifanya jambo ambalo shabiki hafanyi. Nilimwendea kocha. Nilimwambia kwamba baba wa mdogo wangu ameteremka kutoka Rurambo, kwamba kesho anapanda, amwingize hata kidogo.

Kocha hakunikasirikia. Alinitazama kama mtu aliyechoka. "Mama, kila muntu hapa iko na mzazi," akasema. "Nenda uketi."

Nikaenda nikaketi.

Kipindi cha mwisho ndipo mambo yalipoharibika kwa timu, na nitasema ukweli, nilianza kuombea timu yangu mabaya. Mchezaji akifanya makosa matano anatolewa. Wetu mmoja alitolewa. Baadaye kidogo wa pili, yule hodari, akatolewa akilia. Mwingine alikuwa amevimba kifundo cha mguu. Kocha aligeuka akaangalia benchi lake kutoka mwanzo mpaka mwisho, na hawakuwa wamebaki wengi. Akamnyooshea kidole mdogo wangu.

Alisimama haraka kama aliyekaa juu ya siafu.

"Wanamwinua juu ya nini?" Papa akauliza, na sauti yake ikawa kali. "Iko na kosa gani?"

"Hana kosa, Papa. Sasa ndiyo anacheza. Tazama!"

Mdogo wangu akafungua zipu, akavua treningi, akaitupa kwenye benchi. Akabaki na fulana isiyo na mikono na kaptula, kama wenzake wote.

Wanasema macho hayana pazia. Ya Papa yanalo. Aliinamisha kichwa mara moja, kofia ikamfunika uso, akabaki anatazama viatu vyake. Wale wengine aliwatazama tangu mwanzo bila shida, maana kwake walikuwa vijana wa watu waliotumwa kazi. Huyu alikuwa binti yake.

"Papa, angalia. Ni dakika chache tu."

"Siwezi kuangalia mapaja ya mutoto wangu."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningeweza kukasirika na mimi. Alisema kama mtu anayekuambia kwamba mlango huu haufunguki. Kisha akaongeza, taratibu, "Sema weye. Minye nitasikia."

Kwa hiyo nikasema. Mimi ninayepiga mfuniko mechi nzima, nilisimulia basket kwa sauti ya chini kwenye sikio la baba yangu, kama anayemsomea mgonjwa Zaburi.

"Amepewa mpira. Anaupigisha chini. Anakwenda."

"Wanamukimbiza?"

"Wanamkimbiza. Yule mrefu amekuja. Amempita, Papa! Amempita kwa kushoto. Amempita na wa pili."

Wa pili hakuwepo. Niliongeza chumvi, maana aliyekuwa ananisikiliza alikuwa amekunja vidole vyake kwa nguvu juu ya magoti, na nilitaka apate kitu.

"Ametupa?"

"Amempa mwenzake. Umeingia!"

"Yeye ndiye alimupa?"

"Yeye."

Kofia ikatikisika mara moja.

Alicheza vizuri, sisemi kwa kuwa ni damu yangu. Alikimbia kama mtu aliyefungiwa kwa muda mrefu. Alinyang'anya mpira, akaupoteza, akaunyang'anya tena. Kila mchezo uliposimama, alitazama upande wetu. Kila alipotazama, aliona kofia.

Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Akaingia katikati ya wale warefu, wakamsukuma, akaanguka kwenye simenti. Watu wote wakasema "Aaah!"

"Ni yeye?" Papa akauliza.

"Ni yeye."

"Anaamka?"

"Anaamka, Papa. Goti linatoka damu kidogo. Wamempa mitupo miwili. Anasimama peke yake mbele ya goli, hakuna wa kumzuia. Yote ikiingia, tuko sawa."

Alisimama kwenye mstari. Mwamuzi akampa mpira. Tereni nzima ikanyamaza, hata wale wa pikipiki. Na yeye hakutazama goli. Alitutazama sisi.

"Papa," nikamwambia, "Papa, nakuomba. Iko anakuangalia weye."

Hakuinua kichwa.

"Mwambie minye iko hapa," akasema.

Nikasimama juu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilitoa sauti yangu yote, mbele ya baba yangu na mbele ya waamuzi wanaonikwepa sokoni. "Papa iko hapa!" nikapiga kelele. "Anasema iko hapa!"

Watu wengine walicheka. Mdogo wangu hakucheka. Aligeukia goli, akatupa, na mpira ukaingia bila kugusa chuma.

"Umeingia," nikamwambia Papa, nikikaa.

"Na wa pili?"

Mpira wa pili uligonga chuma. Chuma kikalia, watu wa Bukavu wakaruka juu, filimbi ya mwisho ikapigwa punde tu baadaye. Tulishindwa kwa pointi moja.

"Umetoka, Papa."

Akauliza kama mtoto ameshavaa treningi.

Alikuja akiwa na treningi yake, zipu mpaka shingoni, akichechemea. Alimsalimia Papa kwa mikono yote miwili, ameinama. Hapo Papa akainua uso na kumtazama vizuri, muda mrefu, kama wakati binti huyu alipokuwa ameketi pale mbele.

"Ule murefu ulimupita kwa kushoto," akamwambia. "Ukamupita na wa pili. Ukamupa mwenzako mpira, ukaingia. Ukaanguka, ukaamka. Ule wa kwanza uliingia. Ule wa pili ni upepo."

Yote yalikuwa maneno yangu, isipokuwa upepo. Huo ulikuwa wake. Mdogo wangu aliposikia habari ya wa pili aliyepitwa, alinigeuzia macho. Halafu akamjibu, "Ndiyo, Papa. Asante, Papa."

Papa akaondoka na yule mwanaume wa ukutani kwenda kututafutia pikipiki, na kwa mbali nilimsikia anamwambia kwamba wamekosea kumwinua mtoto kule mbele, wangemwacha akae. Tukabaki wawili. Nilikuwa nachukua kiti.

"Alikuwa anaangalia chini," mdogo wangu akasema.

"Ndiyo."

"Ni weye ulimwambia yote."

"Ndiyo."

Alifuta damu ya goti kwa upande wa ndani wa treningi, ili Papa asiione. Alifuta kwa muda mrefu kuliko damu yenyewe ilivyokuwa.

"Si kitu, Yaya," akasema. "Weye uliniona."

Nikamwambia ndiyo, nilimwona. Sikuweza kumwambia kwamba ule mpira wa mwisho niliusikia tu. Ulipotoka mikononi mwake nilikuwa nimegeuka namtazama Papa, nikingoja ainue kichwa.