Ulimi wa Mama Surinder

Miaka minane bata mzinga wa Krismasi katika nyumba yetu ya wazee huku ughaibuni, Thamesmead, alipikwa na mie, Mwanabaraka binti Ameir wa Wete, na sijapata kumwonja hata siku moja. Hakuchinjwa kihalali, simtii kinywani. Napika kwa pua na macho, kisha namwita Mama Surinder.

Mama Surinder ni Kalasinga wa Nakuru, anakaa chumba cha tatu, miaka tisini na moja. Hujikongoja na fremu yake mpaka jikoni, nampa kijiko cha mchuzi, anafumba macho, anasema, "Tamu, binti. Haijapata kutokea." Maneno hayo yalinitosha mwaka mzima.

Mwaka huu meneja wetu, Varsha, akaniita ofisini. "Mwanabaraka, Krismasi iliyopita ulirusha mwiko. Safari hii ataongoza Miradie, yeye hana presha. Wewe shika mboga."

Hana presha! Kwani mwiko nilimrushia nani? Niliurusha ukutani.

Miradie ni Mkongo wa Bukavu, ana miezi mitano tu kazini. Kipya kinyemi ingawa kidonda, wallahi. Siku moja kabla ya Krismasi, mchana, alishampaka bata siagi, akamenya viazi vyote, akaandika saa ya kila kitu kwenye karatasi akaibandika kwenye friji. Siku yenyewe, bata yumo ovenini, yeye kakaa kitako anakunywa chai. Chai! Mie saa kama hiyo huwa natokwa jasho mpaka kisogoni. Alipomtoa alimfunika foili ili apumzike, na yeye akapumzika. Kijicho kilinipanda hata nikajikata kidole kwa kisu cha karoti.

"Mama, kuya ukae kidogo," akaniambia. "Kazi iko yote tayari."

"Kukaa nitakaa kwangu."

Hayo ningeyastahimili. Lakini nikasikia fremu ya Mama Surinder ukumbini, ko, ko, ko, na Miradie akainuka. "Anakuja kuonja mchuzi. Nilimwalika."

Yaani ulimi wangu mie, kaualika yeye! Roho iliniuma, sifichi. Alipokwenda kumfungulia mlango, nikachota chumvi kikombe kizima cha kahawa, nikaimwaga kwenye mchuzi, nikakoroga. Astaghfirullah. Nilitaka kitu kimoja tu: Mama Surinder auteme mbele yake, aulize, "Mwanabaraka yuko wapi?"

Miradie akampa kijiko. Nikasimama na sinia langu la karoti. Mama Surinder akafumba macho, akameza.

"Tamu, binti. Haijapata kutokea."

"Onja tena, mama," nikamwambia.

Akaonja tena, akakilamba na kijiko. Tamu.

Miradie akacheka kwa furaha, naye akachota. Uso ulimkunjamana, akakimbilia sinki akatema. Akanitazama mie, akalitazama kopo la chumvi lililo wazi mbele yangu. Heri angenitukana.

"Mama," nikamwuliza Mama Surinder, "tangu lini husikii ladha?"

"Oho, zamani! Kabla ya kuja hapa. Ugonjwa moja iliondoka na ladha yote."

"Na mie kila mwaka ukiniambia tamu?"

"Sasa wewe unasimama pale na macho kubwa namna hiyo, ningekwambia nini?" Akanipapasa mkono, akageuza fremu yake akarudi mezani.

Miradie akaumwaga mchuzi wote. Kwenye trei ya bata kulikuwa kumebaki mafuta kidogo na ukoko, akaanza upya.

"Mama, wewe ulikuwa unatia chumvi ngapi?" akaniuliza, mgongo kanipa.

"Sijui," nikasema. Na wallahi sikuwa namtania.

Wazee walisubiri dakika ishirini. Miradie akaonja, akaongeza pilipili manga, akaonja tena, bila haraka. Mie nikagawa mboga.

Sahani zikarudi tupu, moja baada ya moja. Nikasimama kwenye sinki nikijaribu kukumbuka zangu zilikuwa zikirudi vipi miaka yote ile. Sikukumbuka. Sikupata kuziangalia hata mara moja. Nilikuwa nishaambiwa tamu.